Sura ya Saba: Plagi Isiyopata Joto

Mashine ya boti ya mipigo miwili ikizima katikati ya maji, jambo la kwanza analofanya mvuvi ni kufungua plagi. Akiikuta nyeusi na imelowa, anaifuta, anairudisha, anavuta kamba, na mashine inawaka. Ikizima tena kesho yake, hukumu inayosikika dikoni na mwaloni ni moja: oili imezidi, ipunguzwe. Dumu la lita 20 lililokuwa likitiwa mililita 400 za oili sasa hutiwa 250, na kila mtu huamini kwamba ugonjwa umepata dawa. Hukumu hiyo ina makosa, na hasara yake ni kubwa kuliko bei ya plagi kumi. Hoja ya sura hii ni kwamba katika mashine za zamani plagi huchafuka, mara nyingi kabisa, kwa sababu haipati joto la kutosha kujisafisha yenyewe. Dawa ya kweli ni ile inayoirudishia joto hilo, iwe ni kwa namna injini inavyoendeshwa, kwa jinsi hewa na petroli zinavyopimwa, kwa maji yanayoipoza, au kwa nguvu ya cheche. Oili ina nafasi yake katika kesi hii, lakini si ile inayopewa.

Plagi imetengenezwa ili ijisafishe. Ncha ya kauri inayoizunguka elektrodi ya kati hukaa ndani ya moto, na kila mwako huacha chembe za kaboni juu yake. Ncha hiyo ikifika nyuzi 450 hadi 500 za Selsiasi, kaboni huungua na kauri hubaki na rangi ya kahawia. Ikipita nyuzi 850 hivi, ncha yenyewe huwa nyekundu na kuwasha mchanganyiko kabla cheche haijaruka, na pistoni inaweza kutoboka kichwani kwa muda mfupi sana. Katikati ya mipaka hiyo plagi huishi salama. Chini ya mpaka wa kwanza kaboni hulimbikizana, na kaboni, tofauti na kauri, hupitisha umeme. Koili inapopandisha volti ili umeme uruke mwanya wa milimita 0.6 au 1, umeme huo hupata njia nyepesi zaidi: huteleza juu ya masizi hadi kwenye chuma cha plagi, ukapotelea kwenye kichwa cha injini. Cheche hufifia, kisha hukosekana. Mchanganyiko usiowaka huilowesha plagi, plagi iliyolowa hupoa zaidi, na kadiri inavyopoa ndivyo inavyozidi kushika masizi. Kwa hiyo weusi anaouona mvuvi ni mwisho wa safari ndefu, na kuufuta kwa kitambaa hakugusi chanzo chake.

Kwa maumbile yake, injini ya mipigo miwili inakaa karibu na mpaka huo wa chini kuliko injini nyingine. Haina bakuli la oili chini yake. Oili husafiri pamoja na petroli kupitia chumba cha kranki, hulainisha bearingi na kuta za silinda, kisha huingia motoni na kuungua. Haina vali za kichwani pia. Moshi hutoka na mchanganyiko mpya huingia kupitia matundu yaliyo ubavuni mwa silinda, karibu kwa wakati mmoja, na mchanganyiko mpya ndio unaousukuma moshi nje. Mjerumani Adolf Schnürle alibuni katika miaka ya 1920 mpangilio wa matundu unaoufanya mchanganyiko ujipinde ndani ya silinda badala ya kukimbilia moja kwa moja kwenye tundu la moshi, na mashine nyingi za boti za mipigo miwili zinazotumika leo zimejengwa juu ya wazo hilo. Hata hivyo mpangilio huo hufanya kazi vizuri injini ikizunguka kwa kasi. Kasi ikishuka, moshi mwingi hubaki ndani, mchanganyiko mpya hauwaki kila mzunguko, na injini hutoa ile sauti ya kukosakosa ambayo mafundi huiita misi. Mara nyingi hapo hakuna kilichoharibika. Ni kwamba mwako unaoruka mizunguko huzaa joto dogo, na plagi hukaa chini ya nyuzi 450 muda wote ambao mashine inanguruma bila mzigo.

Sasa tuangalie kazi ambazo mashine hizi hupewa. Yamaha Enduro ya HP 15 au 40, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi kwenye boti za uvuvi za Afrika Mashariki, ilitengenezwa ibebe mzigo kwa kasi. Lakini mvuvi anayerambaza, akikokota mishipi nyuma ya chombo kutafuta nguru au jodari, huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea saa baada ya saa. Wavuvi wa dagaa huenda kasi hadi kwenye eneo lao, kisha usiku kucha mashine huwashwa na kuzimwa, ikisogeza chombo hatua chache kati ya taa na taa. Kwenye vijito vya mikoko na kwenye miamba, nahodha hupita polepole kwa sababu akili yake inamwambia hivyo. Kazi zote hizo ni halali, na zote huifikisha plagi kwenye baridi. Ushahidi wa jambo hili uko wazi kwa yeyote anayelinganisha: mashine ya aina ileile, yenye mchanganyiko uleule wa oili, ikivusha abiria kwa kasi kutoka kituo kimoja hadi kingine, plagi zake hubaki za kahawia. Kama oili ingekuwa ndiyo mkosaji mkuu, mashine hiyo ya abiria, inayounguza oili nyingi zaidi kwa saa, ndiyo ingekuwa ya kwanza kuzima.

Kutokana na hili inapatikana dawa ya kwanza, ambayo haihitaji fundi. Wakati wa kazi ya polepole, kila baada ya dakika 20 hivi mashine ifunguliwe taratibu hadi robo tatu ya kasi au zaidi, ikae hapo dakika moja au mbili, kisha irudishwe. Muda huo unatosha kuipandisha ncha ya kauri juu ya mpaka wa kujisafisha kabla masizi hayajawa ukoko. Pingamizi la kwanza litakuwa bei ya petroli, na ni pingamizi la haki kwa mtu anayehesabu kila lita. Mashine ya HP 15 ya aina hii ikiwa imefunguliwa kabisa hunywa karibu lita 6 au 7 kwa saa, hivyo dakika moja ni zaidi kidogo ya mililita 100. Mara tatu kwa saa ni theluthi moja ya lita. Dhidi yake weka plagi mbili mpya, muda wa uvuvi uliopotea, na hatari ya kukaa bila mashine upepo wa kusi ukichachamaa. Hesabu haina utata. Pingamizi la pili ni kwamba kelele hufukuza samaki, na hapo mvuvi anajua kuliko mwandishi. Basi afanye hivyo anapohama kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Jambo asilopaswa kufanya ni kutumia mashine ya HP 40 kwa kazi ambayo HP 15 ingeimaliza. Mashine ndogo inayofanya kazi kwa bidii hukaa na joto lake, na kubwa inayosinzia hushika masizi, hata ikiwa mpya.

Rafadha nayo ni sehemu ya habari hii, ingawa wachache huihusisha na plagi. Mashine nyingi za kundi hili zinatakiwa zifike mizunguko kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika zikifunguliwa kabisa na mzigo wa kawaida ukiwa ndani. Rafadha yenye mkato mkali kupita kiasi huizuia injini kufika huko: inavuta kwa shida, inanguruma kwa sauti nzito, na masizi hujaa kwenye ringi na matundu ya moshi. Kipimo cha mizunguko cha bei nafuu, kile kinachofungwa juu ya waya wa plagi, humaliza ubishi huu kwa safari moja.

Turudi kwenye oili, maana huko ndiko wengi waliko. Uwiano wa 50 kwa 1 maana yake ni kwamba asilimia mbili hivi ya kinachopita kwenye kabureta ni oili. Ukipunguza kutoka mililita 400 hadi 250 kwa dumu la lita 20, umefika 80 kwa 1, na umebadilisha chini ya asilimia moja ya mchanganyiko wote. Zaidi ya hapo, nafasi iliyoachwa na oili inajazwa na petroli. Jeti ya kabureta hupima ujazo tu, wala haichagui kilichomo, kwa hiyo anayepunguza oili anaongeza petroli kidogo kwa kiasi kilekile cha hewa, yaani anaufanya mchanganyiko uwe mzito badala ya mwepesi. Ongezeko hilo ni dogo, lakini linaelekea upande usiotakiwa. Wakati huohuo bearingi za kranki na kuta za silinda zimenyang'anywa zaidi ya theluthi moja ya ulainisho wao. Masizi huizimisha mashine kwa dakika tano. Pistoni iliyokwaruzwa huizimisha mpaka zipatikane fedha za kuitengeneza. Na kwamba kiasi cha oili huamuliwa na bearingi, si na plagi, kunaonekana katika historia ya mashine zenyewe. Johnson na Evinrude nyingi za kabla ya 1964 ziliandikiwa uwiano wa 24 kwa 1, kwa sababu baadhi ya sehemu zao zilikuwa zikizunguka juu ya bushi badala ya bearingi za roli. Muundo ulipobadilika na oili kuboreshwa, kampuni ikahamia 50 kwa 1. Mwenye mashine ya kale akitumia uwiano wa kisasa kwa kuogopa masizi anaiua mashine yake polepole, na mwenye mashine ya 50 kwa 1 akitumia 25 kwa 1 kila siku, ilhali si mpya, atapata masizi ya bure. Kipimo sahihi ni kile cha kitabu cha mashine, pande zote mbili.

Lakini yapo makosa mawili ya oili yanayostahili lawama, na yote mawili hayahusu wingi wake. La kwanza ni kuchanganya vibaya. Oili ni nzito kuliko petroli. Ikimiminwa juu ya tangi lililokwisha kujaa na kuachwa bila kutikiswa, sehemu yake hukaa chini, na chini ndiko bomba la kunyonyea liliko. Mashine hunywa mchanganyiko mzito wa oili dakika za mwanzo, plagi zikiwa bado baridi, halafu baadaye hunywa petroli iliyo karibu tupu. Mwenye mashine hiyo anapata magonjwa mawili yanayopingana kwa siku moja na kushindwa kuelewa. Njia iliyo salama ni kuweka petroli nusu, kumimina oili yote, kutikisa, kisha kujaza nusu iliyobaki na kutikisa tena. Jambo linalofanana na hilo hutokea mashine inapoachwa siku nyingi ikiwa na mafuta ndani ya kabureta: petroli huvukia, oili hubaki, na mwasho wa kwanza huiogesha plagi kwa oili. Kwa mashine itakayolala zaidi ya siku chache, kuchomoa bomba la mafuta na kuiacha inywe kilichobaki mpaka izime ni tabia nzuri.

Kosa la pili ni aina ya oili, na hapa nakubali kwamba hoja yangu ya joto ina mpaka. Joto huunguza kaboni, haliunguzi majivu. Oili za injini za magari zina viungio vya kalsiamu na zinki vinavyofaa sana ndani ya bakuli la oili, lakini vikiungua huacha majivu magumu ambayo hakuna kasi itakayoyaondoa kwenye plagi. Majivu hayo yanaweza kuziba mwanya, au yakawaka mekundu na kuwasha mchanganyiko kabla ya wakati. Oili za pikipiki za mipigo miwili zimetengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa upepo, ambazo ni za moto zaidi, na nyingi nazo zina majivu kiasi. Mashine ya boti inapozwa kwa maji ya bahari au ziwa, inakaa baridi, na inahitaji oili isiyo na majivu. Chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani, NMMA, kiliweka kipimo kwa ajili hiyo, na alama ya TC-W3 kwenye chupa ndiyo inayotafutwa. Anayenunua oili ya bei ndogo isiyo na alama hiyo, kisha akapunguza kiasi ili plagi zisichafuke, amelipia tatizo mara mbili.

Petroli nayo ishukiwe inapostahili. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli hayawaki vizuri kwenye injini baridi na huacha masizi mengi. Uchakachuaji ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuyatia mafuta alama maalumu nchini Tanzania ili yaliyochanganywa yagundulike. Mvuvi ana udhaifu wa pekee katika hili, kwa kuwa mara nyingi hununua kwa madumu, kwa wauzaji wa visiwani na mialoni, mbali na pampu inayokaguliwa. Plagi zikianza kuchafuka ghafla baada ya dumu jipya, bila jambo jingine kubadilika, dumu ndilo la kuulizwa kwanza. Kwa upande mwingine, maelezo marefu kuhusu madini ya risasi kwenye plagi yanayopatikana katika vitabu vya zamani hayatuhusu tena. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, na anayefuata vitabu hivyo neno kwa neno atamtafuta mkosaji aliyekwisha ondoka.

Sababu ambayo naona imepuuzwa kuliko zote ni mwinuko wa nchi. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Tanga au Mombasa. Kabureta iliyopimiwa pwani inapofanya kazi Mwanza, Kisumu au Entebbe, hewa inayoingia hupungua uzito kwa kiasi hicho, lakini petroli inayotoka kwenye jeti hupungua kwa nusu yake tu. Matokeo ni mchanganyiko mzito kwa asilimia tano au zaidi, kila saa, kila siku, bila mtu kugusa kitu. Linganisha na ile chini ya asilimia moja iliyotokana na kupunguza oili, utaona lilipo jambo kubwa. Mchanganyiko mzito huwaka kwa joto dogo na kuacha kaboni nyingi; yaani huipunguzia plagi joto na kuiongezea uchafu kwa pamoja. Nguvu ya injini nayo hupungua, hivyo rafadha iliyofaa pwani inakuwa nzito ziwani. Ziwa Tanganyika, lenye mwinuko wa mita 770 hivi, lina shida hiyohiyo kwa kiwango kidogo. Dawa ni jeti ndogo zaidi kama anavyoelekeza mtengenezaji, marekebisho ya skrubu ya mwendo wa chini, na rafadha yenye mkato mdogo. Fundi mwangalifu atapinga kwamba jeti ndogo ni hatari, kwa sababu mashine hiyo ikiuzwa na kurudishwa pwani itakosa petroli na kuungua. Ana haki kabisa. Kwa hiyo ukubwa wa jeti uandikwe kwa rangi isiyofutika ndani ya kifuniko cha mashine, na jeti ya awali ifungwe na kutunzwa pamoja na kitabu.

Lakini kabla ya kufikia jeti kuna vitu viwili vya kukaguliwa ambavyo havigharimu chochote. Choki yenye springi iliyochoka hubaki imefunga nusu njia bila mtu kujua, na katika joto letu mashine iliyowaka haina haja nayo tena. Thamostati ni kitu cha pili. Kazi yake ni kuyazuia maji yasipite kwa wingi kwenye injini mpaka ipate joto la kazi, ambalo kwa mashine nyingi za aina hii ni kama nyuzi 50 au 60. Chumvi na mchanga huikwamisha ikiwa wazi. Wapo pia mafundi wanaoing'oa kwa makusudi wakidhani wanaisaidia injini isipate joto kupita kiasi. Injini isiyo na thamostati huogeshwa maji baridi muda wote, kuta za silinda hazipati joto, petroli hujikusanya matone badala ya kuvukia, na plagi huishi chini ya mpaka wake. Injini inayopata joto kali ina pampu mbovu au njia za maji zilizoziba, na hizo ndizo za kutengenezwa. Thamostati ikibaki mahali pake haimzuii mtu kuzisafisha.

Ipo hoja nyingine inayokwenda kinyume na yangu: kwamba plagi hufa kwa sababu ya cheche dhaifu, wala joto halihusiki. Kuna ukweli ndani yake, na unastahili kupimwa. Mashine za zamani sana zenye platini hupandisha volti polepole, na kadiri volti inavyopanda polepole ndivyo umeme unavyopata muda wa kuvujia juu ya masizi kabla haujafika kiwango cha kuruka. Mfumo wa kielektroniki wa CDI hupandisha volti kwa kasi kubwa mno, hivyo cheche huruka kabla uvujaji haujaidhoofisha. Ndiyo maana iliwezekana kutengeneza plagi zisizo na elektrodi ya pembeni, ambazo hazipati joto la kujisafisha kabisa, na bado zikafanya kazi kwenye mashine kubwa zenye CDI. Kwa hiyo cheche kali huvumilia uchafu mwingi zaidi. Lakini kuvumilia si kuzuia. Masizi yanaendelea kujikusanya, na siku ya kuzima imeahirishwa tu. Mwenye platini azisafishe na kuzipima mwanya mara kwa mara. Mwenye CDI aangalie kutu kwenye mguu wa koili unaogusa chuma cha injini, kofia za plagi zilizopasuka, na waya zinazovujisha cheche, ambazo gizani huonekana kwa macho. Chumvi ya pwani huanzia hapo.

Kama joto ndilo linalokosekana, kwa nini basi tusifunge plagi ya joto zaidi tukamaliza? Swali hili ni la msingi, na jibu lake liko kwenye hatari iliyo upande wa pili. Daraja moja la joto la plagi hubadilisha joto la ncha kwa nyuzi 70 hadi 100. Plagi ya NGK B7HS ikibadilishwa na B6HS, ncha itakuwa ya moto zaidi kwa kiasi hicho wakati wa kurambaza, na pia wakati mashine imefunguliwa kabisa ikiwa na shehena, muda ambao nafasi ya chini ya nyuzi 850 inaweza kuwa ndogo. Kwa mashine isiyokwenda kasi kamwe, daraja moja lililoruhusiwa na kitabu linakubalika. Kwa mashine inayorambaza mchana na kukimbiza samaki sokoni jioni, ni kubahatisha na pistoni. Kuna pia mtego wa namba: kwa NGK na Denso namba ikiongezeka plagi ni ya baridi zaidi, na kwa Champion na Bosch namba ikiongezeka ni ya joto zaidi. Anayebadilisha kampuni bila jedwali anaweza kwenda kinyume cha alikokusudia. Plagi bandia, ambazo NGK yenyewe imekuwa ikizitahadharisha, huondoa uhakika wote, kwa maana namba iliyochapwa juu yake haithibitishi kitu.

Kusoma plagi ni kazi ambayo mafundi wengi wanaifanya kwa makini lakini kwa wakati usiofaa. Boti inaingia taratibu, inanguruma dakika kumi ikisubiri nafasi, inafungwa, ndipo plagi inafunguliwa. Kinachoonekana ni masizi ya hizo dakika kumi, wala si habari ya safari. Ili plagi iseme ukweli, mashine iendeshwe kwa kasi na mzigo wa kazi dakika kadhaa, izimwe hapohapo bila kushushwa kasi, na plagi zifunguliwe papo hapo. Nyeusi kavu inaelekeza kwenye mchanganyiko mzito au plagi baridi; nyeusi iliyolowa inaelekeza kwenye cheche iliyokosekana; nyeupe iliyokauka ni onyo la injini kukosa petroli; vipunje vya fedha ni alumini ya pistoni, na mashine isiwashwe tena kabla ya kufunguliwa. Silinda zilinganishwe. Kabureta moja ikilisha silinda mbili, na plagi moja tu ndiyo nyeusi, basi kabureta, oili na petroli hazina hatia, kwa sababu vyote hivyo silinda zinagawana. Hapo hamisha plagi, halafu koili ikiwezekana, kutoka silinda moja kwenda nyingine. Uchafu ukifuata kifaa, mkosaji amepatikana. Ukibaki kwenye silinda ileile, tafuta ndani.

Kuhusu kusafisha, brashi ya waya huacha mistari ya chuma juu ya kauri ambayo hupitisha umeme kuliko masizi yaliyoondolewa, na mchanga wa kupulizia hujificha ndani ya plagi kisha ukaangukia silindani. Wapo wanaoichoma plagi kwenye makaa, na kaboni kweli huungua, lakini kauri inaweza kupata ufa usioonekana. Hizi ni njia za kujiokoa baharini. Anayeona plagi mpya ni ghali awe na seti mbili: moja ndani ya mashine, nyingine ndani ya chupa iliyofungwa vizuri pamoja na spana yake, mwanya ukiwa umepimwa tayari. Na anapojaribu cheche nje, plagi zote ziguse chuma na ziwe mbali na matundu ya silinda, kwani mvuke wa petroli hutoka hapo kila kamba inapovutwa.

Watakaosema suluhisho ni kuhamia mipigo minne hawajakosea kuhusu mbele tuendako. Mashine za mipigo miwili zenye kabureta hutoa nje sehemu kubwa ya petroli bila kuiunguza, na Marekani na Ulaya zimeziondoa sokoni kwa sheria za uchafuzi. Ila ya mipigo minne ina bei nyingine na uzito mwingine, na huhitaji mafunzo mengine, na mashine nyingi za zamani zilizopo zitaendelea kufanya kazi miaka mingi. Kwa hizo, kuna jambo moja ambalo hakuna kasi, jeti wala plagi itakayolitibu: kuchakaa. Kabla ya kununua chochote, pima mgandamizo wa kila silinda. Tofauti ya zaidi ya asilimia 15 kati yake inaonyesha ringi au ukuta wa silinda uliokwisha, na sili ya kranki inayovuja huharibu mchanganyiko wa silinda moja hata kama mgandamizo bado ni mzuri. Katika hali hiyo fedha za plagi ziwekwe akiba ya matengenezo, na mpaka zitimie, mashine ifanye kazi za karibu na nchi kavu, ikiwa na kasia na tanga ndani ya chombo.